Bi Aida Nambeye, Mtunza Daftari la Jarida la Sheria

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Aida Nambeye anastaafu, baada ya kukitumikia Kitivo chetu cha Sheria hapa Tunduma kwa miaka kumi na minane na miezi tisa. Ukiondoa miezi mitatu ambayo hakuwa kazini, na ambayo nitaieleza mbele kidogo, hakuna mhadhiri wala mwanafunzi aliyewahi kufika masijala saa mbili asubuhi akakuta mlango umefungwa. Alianza Oktoba 2006, kitivo kilipofunguliwa, wakati masijala nzima ilikuwa kabati moja na kiti kisicho na mgongo.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Mlowo. Hajasoma sheria hata siku moja, na hilo halijamzuia kumwita kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza "wakili", hasa yule aliyekosea kujaza fomu. Wahadhiri wote anawaita "mwanangu". Profesa mmoja aliyemzidi umri alijaribu kupinga, akashindwa.

Huwezi kueleza kazi ya Bi Aida bila kueleza historia ya Jarida la Sheria Mpakani, ambalo wanafunzi wetu wanaliandika, wanalihariri na kulitoa wenyewe tangu 2008. Toleo la kwanza lilikuwa na makala nane. Sita ziliandikwa na wahariri, na mbili zilizobaki na marafiki zao wa chumba kimoja. Waliokataliwa walinuna muhula mzima, na nakala nyingi ziliishia kufungia karanga stendi.

Wahariri wa mwaka uliofuata walikuja kugombana masijala, mbele ya meza ya Bi Aida, kila mmoja akitetea makala ya rafiki yake. Aliwavumilia kwa muda, kisha akaweka mhuri chini akawaeleza walivyofanya kule Mlowo. Kahawa ya kila mkulima ilitolewa sampuli, sampuli ikapewa namba, na mwonjaji akaonja namba bila kujua kama ni kahawa ya mwenyekiti wa chama au ya mjane wa shamba la mwisho. Majina yalibaki kwenye daftari la karani. Vijana wakaona hiyo ndiyo dawa, wakamwomba awe karani wao. Sisi huku, jina la mtu likishatajwa, umeshajua ametoka wapi na ni wa ukoo gani, lakini namba haina ukoo. Tangu siku hiyo kila makala hupitia masijala, hupewa namba, na wahariri husoma namba. Ikishachaguliwa, mwandishi huulizwa kama anataka jina lake lichapwe. Karibu wote hutaka.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Mwaka 2012 vijana walilipeleka toleo la tano kuchapwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ambako walipata mashine nzuri zaidi. Ndani yake kulikuwa na makala ndefu, yenye tanbihi themanini na tatu, kuhusu sheria ya forodha. Toleo lilikaa mpakani siku nne kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kutoa tamko la forodha. Bi Aida alimfuata Bwana Othmani, wakala wa forodha mzoefu, wakanyoosha karatasi pamoja, akarudi na maboksi kwenye guta. Mhariri mkuu wa mwaka ule sasa ni hakimu, na kila akipita hapa Bi Aida humuuliza kama siku hizi anasoma makala anazochapa.

Sasa ile miezi mitatu. Mwaka 2014 makala namba tisa ilieleza, kifungu kwa kifungu, kwamba kamati ya nidhamu ya kitivo iliwasimamisha masomo wanafunzi watano bila kuwasikiliza. Wahariri waliipitisha, na mwandishi akaomba jina lake lisichapwe. Jarida lilipotoka, uongozi wa wakati ule ulitaka kumjua, na kila mtu alielewa kwamba akijulikana atakuwa wa sita. Wahariri hawakumjua. Aliyemjua alikuwa Bi Aida peke yake. Aliitwa mara mbili alete daftari, akakataa. Akaandikiwa barua ya kujieleza, naye akajieleza kwa mstari mmoja, kwamba daftari ni la jarida na jarida ni la wanafunzi. Mkataba wake uliisha Desemba na haukuongezwa. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni. Alifunga virago, akalibeba daftari, akaenda kwa dada yake Isansa kulima.

Hapa naomba wasomaji waniwie radhi, maana wasifu haupaswi kumhusu anayeuandika. Makala namba tisa niliiandika mimi. Nilikuwa mwaka wa pili, wa kwanza kutoka kijijini kwetu Ikinga kuingia kitivo hiki, na hofu ilikuwa imeninyima hata hamu ya kula. Januari nilifunga safari mpaka Isansa, nikamkuta anapalilia mahindi. Nilimwambia nimeamua kwenda kujitaja ili arudishiwe kazi yake. Hakuacha jembe.

"Ukijitaja leo, mwakani nani ataniletea makala?" alisema. "Rudi darasani, mwanangu. Mimi kulima naweza."

Nilirudi. Njia nzima nililia, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wanafunzi wangu.

Mwishoni mwa Machi walimwita kazini. Sababu rasmi ilikuwa mahitaji ya kiutumishi. Sababu halisi ni kwamba kwa miezi mitatu hakuna aliyeweza kupata faili lolote masijala. Mwaka huohuo uongozi ulibadilika, wale wanafunzi watano wakasikilizwa, na wanne wakarudi masomoni. Tangu hapo hakuna anayeadhibiwa katika kitivo hiki kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Jarida nalo limefika toleo la kumi na saba.

Kwa kuwa siku hizi mimi ni mlezi wa jarida, niliamini daftari litakabidhiwa kwangu, na nilikuwa nimeshalitengea droo yenye kufuli. Bi Aida alicheka sana. Alinikumbusha kwamba ninasahihisha mitihani ya waandishi haohao, kisha akamkabidhi Tumaini Silwimba, karani mpya wa masijala. Alikuwa sahihi, na ile droo sasa inahifadhi majani ya chai.

Lakini kabla ya kukabidhi aliniita nione ukurasa wa 2014. Namba moja hadi nane zina majina, na kumi hadi kumi na nne vilevile. Mbele ya namba tisa hapakuwa na kitu. Siku niliyompelekea makala alisoma kichwa chake, akaniuliza jina, nami nikamtajia. Kumbe hakuliandika. Nilimuuliza kwa nini basi hakuwapa viongozi wale daftari akabaki na kazi yake, maana mimi nisingeonekana humo. Alinijibu kwamba majina ya wenzangu yalikuwemo. Kisha akanipa kalamu.

Bi Aida, wahadhiri, wafanyakazi wenzako na wahariri wa matoleo kumi na saba wanakushukuru. Tunakuombea afya njema, mavuno mazuri huko Isansa na wajukuu wenye heshima kuliko sisi. Nami jina langu, ulilolibeba kichwani miaka kumi na moja, nimeliandika mwenyewe kwenye mstari wa tisa. Sasa unaweza kulisahau, mama, ukapumzike.

Ombeni Kibona
Mhadhiri Msaidizi, Kitivo cha Sheria