Mkanda wa Presha Uliofika Jana

Mgeni rasmi, mganga mfawidhi, wauguzi, na wewe fundi viatu uliyejificha nyuma ya mlango:

KARIBU
Sisi wajawazito wa benchi la nje tunakukaribisha ndani. Nasi leo ndiyo mara ya kwanza kuingia wote kwa pamoja, kwa hiyo tukaribishane. Mheshimiwa, usiegemee ukuta. Rangi bado mbichi.

TULIKOTOKA
Kliniki ilianza na tangazo: hudhurio la kwanza, uje na mume. Nia ilikuwa njema, baba naye apimwe. Ila mwenzetu mshona nguo, tunamwita Mshonaji, huyu aliyekaa mbele yako, alirudishwa mara tatu.
"Mume yuko wapi?"
"Kazini, mbali, dada."
"Basi msubiri."
Amsubiri yeye, na tumbo je?

MAFANIKIO
Tukajiongeza. Fundi viatu wa getini akakubali kusimama naye kama mume, kisha na mwingine, na mwingine. Sasa ameandikwa baba kwenye kadi kumi na nne. Mkewe wa ndoa alipokuja naye kliniki akaambiwa, "Shemeji, huyu bwana kadi zake zimetosha." Mahudhurio ya akina baba utakayosomewa leo yamepanda sana. Ni yeye.

CHANGAMOTO
Mshonaji alipopokelewa, miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli. Akaambiwa kipimo cha presha kiko kwa fundi. Fundi yupi? Tunayemjua sisi anashona viatu. Wiki tano zikapita. Kimefika jana jioni pamoja na pazia, na pazia bado lina mikunjo ya dukani.
Gari la msafara wako lililotangulia kukileta limeegeshwa nyuma ya choo, boksi tupu la kipimo liko siti ya nyuma. Tukamuuliza dereva, "Kaka, boksi la nini?"
"La kurudishia... nanii, la taka."

MAOMBI
Yalikuwa tisa, tumebakiza mawili. Anayekuja peke yake apokelewe, fundi arudi kwa mkewe. Na kipimo kibaki hata ukiondoka.
Tunakiri jambo moja. Ulipokuwa unasalimia viongozi, Mshonaji alivaa mkanda wa kipimo, chini ya mtandio wake. Hauvui mpaka namba ya presha yake iandikwe kwenye kadi na boksi lile lichanwe mbele yetu. Mheshimiwa, tafadhali usipige makofi kwanza. Kipimo kinataka utulivu. Dada muuguzi, bonyeza.

Mungu akubariki wewe na mama aliyekubeba, akurudishe salama, msafara ukiwa mwepesi kuliko ulivyokuja.

Ni sisi,
Wajawazito wa Benchi la Nje