Siku Isiyopimwa

Asubuhi hiyo benchi la Mama Kahawa, pale nje ya duka la kinyozi, lilibeba kitu ambacho halijawahi kukibeba tangu lipigiliwe misumari: laptopu. Mwenyewe alikuwa Taipu, mstaafu aliyepiga chapa barua za ofisini miaka thelathini na mmoja bila kusahihisha hata nukta ya bosi. Kazi yangu kunakili, alikuwa akisema, ya kusahihisha ina mwenyewe. Marehemu mkewe alipima mvua kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili, kwa mkebe na rula, akajaza madaftari. Sasa ofisi ya hali ya hewa imekubali kuyapokea, kwa sharti moja: tarakimu ziingizwe kwenye programu yao ya kuchambua data, zikaguliwe, zipite bila kosa, zitumwe kabla ya saa sita mchana. Zisipopita, madaftari yatabaki makaratasi tu ya mwanamke mmoja. Hili hakuna aliyelisema. Taipu alijisemea mwenyewe.

Saa nne ilikuwa imeshapita. Programu yenyewe iliingia bila ubishi. Kilichogoma ni plagini, kile kiprogramu kidogo kinachobandikwa juu ya kikubwa ili kikague namba. Taipu alikiweka, akakitoa, akakiweka tena, na kila mara kilimjibu kwa maandishi mekundu.

— Hiyo ni spea ya gari jipya, alisema Dereva, ambaye lori alishaliacha ila lori halijamwacha. Injini yako ya zamani. Haba na haba hujaza kibaba, kaka.

Hakuna aliyeelewa kibaba kimeingiaje hapo. Taipu alieleza kwa upole kwamba injini alishaisasisha jana, ikamlia bando lote.

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, akauliza mle ndani kuna plagini ngapi. Akaambiwa mbili, ya kukagua na ya kuchora.

— Basi umeoa wake wenza bila kuwatambulisha. Umemfungulia huyu mlango kwanza, yule kanuna. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Mafahali ni madume, alisema Mama Kahawa.

— Ndiyo maana wananuna.

Wakacheka, hata Taipu. Akabadilisha mpangilio, akaitanguliza ya kuchora. Mekundu yakarudi vilevile.

Fundi Saa alikuwa kimya muda wote, na akikaa kimya huwa anapika neno. Akasema mashine hizi siku hizi zina akili kuliko sisi. Hii inajua data ni ya nani. Inataka ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Mama Kahawa akamjazia Taipu kikombe bila kuombwa, akamtazama Fundi Saa kwa jicho ambalo lingesimamisha saa yoyote.

— Shemeji, alimwambia Taipu, hayo mekundu yenyewe yanasemaje?

Kumbe saa nzima walikuwa wanayatazama tu. Taipu akavaa miwani. Yalisema mstari wa elfu tatu mia moja na kumi na sita una kitu kisicho namba. Akaufuata mstari huo taratibu. Mahali pa kuandika milimita za mvua palikuwa na maneno, na aliyeyapiga ni yeye, kwa vidole vyake, macho kwenye daftari na akili kwingine, kama alivyofundishwa kazi.

Akayasoma kwa sauti.

— Leo sikupima. Mume wangu ana homa kali. Sikutoka kitandani kwake.

Dereva aliangalia viatu vyake. Kinyozi akauweka mkasi mfukoni.

— Weka sifuri, alisema Dereva hatimaye, kwa sauti ya chini. Yaishe, ndugu yangu. Muda unakwenda.

Taipu akafuta yale maneno, akaweka kidole juu ya sifuri. Wakati huo muuguzi mmoja, ametoka zamu, alikuwa amesimama nyuma yao akisubiri kahawa. Hakuwa mtu wa kijiwe hicho.

— Samahani wazee wangu, alisema. Kwani siku hiyo mvua haikunyesha?

Wakamgeukia.

— Sijui, mwanangu, alisema Taipu. Mimi nilikuwa na homa. Wa kujua alikuwa yeye.

Akauondoa mkono kwenye sifuri. Maneno ya mkewe akayarudisha yote, lakini kwenye nafasi ya maelezo, nukta kwa nukta. Pa namba akapaacha patupu, kisha akaingia kwenye mipangilio ya plagini akachagua panaposema kipimo hakipo. Akabonyeza. Mekundu hayakutokea. Mchoro ukaanza kujichora, miaka ishirini na miwili ya mvua, ikipanda na kushuka. Taipu akatuma, zikiwa zimebaki dakika kumi na moja.

Kahawa ilikwisha, hakuna aliyeondoka. Taipu akaukuza mchoro mpaka akaufikia mwezi ule. Mstari ulikuja vizuri, ukakatika, ukaendelea mbele. Akaweka kidole penye ule mwanya.

— Hapa, aliwaambia, alikuwa na mimi.