Moto wa Mabilinganya

Kwenye kiti cha basi mbele yangu alikaa fundi wa kuchomelea vyuma, amepakata mfuko wa mabilinganya na nyanya kama mtoto mchanga.

"Mara tatu nimeyaunguza, mama," alimwambia jirani yake, mama wa makamo asiyemjua. "Leo ya nne. Mke wangu anatoka hospitali kesho, na chakula kingine hataki."

"Unaweka moto gani, mwanangu?"

"Wote."

"Wote! Upunguze. Kaanga kitunguu taratibu, tia nyanya, mabilinganya yafuate. Maji usitie."

"Mama, moto ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na nane huu."

"Kazi yako kuunganisha. Hapa hatutaki bilinganya liungane na sufuria."

Sisi abiria tukageukia madirishani, kana kwamba nje kuna la maana. Fundi hakucheka. "Nitarudia mpaka yakubali," akasema, akashuka kituoni kwake.

Basi halijaondoka, akagonga dirisha. "Na sufuria, nifunike?"

"Funika!" akasema mama.

"Usifunike!" ikajibu nusu ya basi, na mimi nikiwemo, ambaye hata yai sijawahi kuchemsha.