Ng'ombe Sita wa Gulwe

Funga mlango, Waridi, na wewe Shaibu kaa pale ninapokuona uso, maana haya nitayasema mara moja tu. Mimi mama yenu, Mwanamvua, nina akili zangu zote. Anayesema homa imenipanda kichwani ni yule ambaye angependa iwe hivyo.

Nyumba hii ya Mpwapwa igawanyeni kama sheria inavyosema, sina la kuongeza. Ninalo la ng'ombe sita walioko Gulwe kwa Yotham, anayenifugia. Jana Yotham alikuja kwa miguu, akakaa hapo hapo ulipokaa, mwanangu, akaniuliza huku akitazama chini, "Mama, ni kweli umeamuru niwauze wote? Shaibu kaniambia umekwisha sema." Nilikuwa hai, Shaibu. Ungeniuliza.

Najua fedha zingekwenda wapi. Mjomba wenu Bushiri, ndugu yangu wa tumbo moja, mkalimani wa Wadachi, amekuletea karatasi ya kampuni ya katani, kama alivyoniletea mimi ile ya mpira mwaka reli ilipofika Gulwe. Aliniambia, "Dada, hisa ni ng'ombe uliyempeleka kwa mfugaji. Yeye anakamua, wewe unangoja ndama." Nikauza kumi na mmoja. Mimi nilielewa kwa desturi ya huku: ng'ombe wangu akimfia Yotham, ananiletea ngozi, nami nikitaka kuwaona nakwenda, nawahesabu, nakunywa maziwa, narudi. Basi nikangoja. Bei ya mpira ikaanguka, kampuni ikafa, ngozi sikuletewa. Kumbe mjomba wenu hakuwa na hisa hata moja. Alikuwa akilipwa kwa kila kichwa alichokipeleka. Changu kilimpatia koti. Ni lile analovaa siku ya Idi.

Sisemi hisa ni wizi, wapo waliofaidika. Lakini wewe ni mgeni wa jambo hili, na hukuuliza hata mkatani ukipandwa leo utakatwa lini. Nenda ukalione shamba kwa macho yako. Uliza wanamuuzia nani, na bei ikianguka wataishi kwa nini. Uliza gawio la mwaka jana, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, lilitoka kwenye katani, au kwenye fedha za wajinga wapya kama mama yako. Anayekusifia, mwambie akuonyeshe hisa zake. Na kama huwezi kukaa miaka kumi bila kumgusa ng'ombe uliyempeleka huko, basi usimtoe.

Nipe maji... Kidogo.

Ng'ombe nimewaacha mikononi mwa Waridi, na Yotham anajua. Fungu lako limo humo, Shaibu, sijakunyima, ila haliuzwi mpaka dada yako akubali. Ukirudi na majibu, naye akaridhika, akupe mmoja. Mmoja, si sita. Akikuzalia huko, mtazungumza.

Usilie, Waridi, hujakosa kitu. Bushiri akija matangani mpeni wali, ashibe. Jeneza langu asiliguse. Yotham hasali kama sisi, lakini asimame karibu na kaburi, mtu asimsukume nyuma.

Mungu awape riziki ya halali... awape watoto wasioona haya kuwauliza ninyi... mkiwa hai. Nigeuzeni, nielekee kibla. Polepole. Shaibu... mbona umeinuka ukasimama mlangoni? Njoo, baba. Njoo unishike, nawe ni mwanangu.