Bi Tena na Vizibo Chini ya Kikombe

Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, mwalimu wetu wa darasa la kwanza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja, chenye dirisha lisilofungika. Sisi tuliopitia kwake humwita Bi Tena, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote. Ukikosea, tena. Ukipatia, tena.

Nimeombwa kuandika mimi, wa darasa la saba, kwa kuwa walimu walisema wakiandika wao watalalamika. Nitajitahidi nisilalamike.

Bi Tena alifundisha kujumlisha kwa vizibo vya soda, mia sita kamili. Kimoja kikipotea, hatoki mtu. Siku moja tulitambaa chini ya madawati mpaka magoti yakachubuka, kumbe kizibo kiko kwenye mfuko wa sweta lake. Hakuomba radhi. Alisema, "Sasa mnajua mia sita ni ngapi."

Njia yake ilikuwa moja tu. Anaweka vizibo vitano mezani, mtoto anavihesabu, kisha mwalimu anavifunika kwa kikombe cha bati. Anaongeza vitatu pembeni. Vyote ni vingapi? Mtoto anatakiwa aanzie tano, aendelee. Lakini mtoto haamini. Anafunua kikombe, anachungulia, anaanza upya na moja. Mimi nilichungulia muhula mzima. Hakunikataza hata mara moja, wala hakunitajia jibu. Alifunika tu, akasema tena.

Mwalimu mkuu, kwa kuchoka kusubiri, alimletea chati ya rangi ya kujumlishia. Bi Tena alishukuru sana, akaitumia kuziba dirisha.

Mwaka huu zamu ilimfikia kitinda mimba wetu, mchunguliaji asiye na mfano. Nyumbani tulijaribu kwa vifungo na kikombe cha chai, akachungulia. Baba, ambaye ni fundi cherehani na hana subira hata na uzi, alimfuata Bi Tena darasani. "Mwalimu, si umwambie tu ni nane, yaishe!"

"Nikimwambia, baba, itakuwa nane yangu."

Baba alirudi amenuna. Mimi nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki. Bi Tena akiondoka, nani mwingine angemsubiri mdogo wangu?

Jumanne nilipeleka chaki darasani, nikamkuta mdogo wangu mezani. Vitano vimefunikwa, vitatu viko nje. Akaweka kiganja juu ya kikombe, akakigandamiza kama anayezuia kisiruke. "Tano," akasema. Akameza mate. "Sita. Saba. Nane."

 Ndipo Bi Tena, ambaye hatujawahi kumwona akichungulia, akakifunua kikombe mwenyewe, akavihesabu vyote kuanzia moja. Kisha akavifunika, akasema tena.

Sasa tunasikia ameahidi kupita kila Jumatatu kuhakikisha mwalimu mpya hakosei. Walimu wameshika vichwa.

Bi Tena, asante kwa kutusubiri. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na siku zisizo na kengele. Lakini tafadhali, mwalimu wetu, usichungulie. Ulivyovifunika vipo. Tutaendelea kuanzia hapo.