Ukoga wa Mjomba Eleuterio

ELEUTERIO: Haloo! Sema upesi, niko juu ya ngazi, mabalungi ya hapa Weslaco hayajichumi. Nani mwenzangu?

YADIRA: Shikamoo mjomba! Yadira!

ELEUTERIO: Marahaba, daktari wangu!

YADIRA: Si daktari, mjomba. Msafisha meno. Na hata huko sijafika, kesho saa mbili asubuhi chuoni—

ELEUTERIO: Mtihani wa mwisho. Mama yako ametangaza mpaka kanisani.

YADIRA: Sina mgonjwa!

ELEUTERIO: Umwombe Mungu ugonjwa wa mtu?

YADIRA: Kila mwanafunzi anakuja na mtu wake, mwenye ukoga mgumu, amsafishe mbele ya mwalimu. Wangu alikuwa Ramiro, yule fundi bomba. Miezi mitatu namlea! Namlisha tamale za mahindi!

ELEUTERIO: Kafa?

YADIRA: Kapata mchumba! Kampeleka akasafishwe. Leo kanitumia picha, meno meupe pee!

ELEUTERIO: Msaliti!

YADIRA: Na darasa letu tumeshawamaliza wachafu wote wa mji huu. Mjomba... wewe mara ya mwisho kwenda kwa daktari wa meno lini?

ELEUTERIO: Mtandao unakwaruza.

YADIRA: Haukwaruzi!

ELEUTERIO: Miaka kumi na moja. Umeridhika?

YADIRA: Kumi na moja! Nimelamba dume!

ELEUTERIO: We mtoto, unashangilia uchafu wa mjomba wako?

YADIRA: Nimeutamani muda mrefu, nikaogopa kukuomba.

ELEUTERIO: Umeuonea wapi? Kila picha nimejifunika kofia mdomoni.

YADIRA: Ukila mahindi.

ELEUTERIO: Lo! Ila mwanangu... usinikasirikie.

YADIRA: Nini tena?

ELEUTERIO: Tangu Jumapili nayakwangua.

YADIRA: Unakwangua nini?

ELEUTERIO: Meno. Kwa kile kisu changu cha kupogolea. Nikasema, siku ya mahafali nisimame kando ya joho lako na kinywa hiki?

YADIRA: Uwii! Ukoga wangu!

ELEUTERIO: Unalia?

YADIRA: Silii! Shuka ngazi. Nenda kwenye kioo cha gari. Mbio!

ELEUTERIO: Goti langu— haya— nimefika. Sura mbaya ileile.

YADIRA: Inua ulimi. Meno ya mbele ya chini, kwa nyuma. Kuna nini?

ELEUTERIO: Aa-uu-haa—

YADIRA: Toa kidole kwanza!

ELEUTERIO: Ukuta! Mwanangu, huku kuna ukuta wa saruji!

YADIRA: Weeeee!

ELEUTERIO: Mimi nilikwangua pale pa kuonekana kwenye picha tu.

YADIRA: Mungu aubariki uvivu wako! Kisu hicho kitupe, usiguse kitu!

ELEUTERIO: Kwani... itauma?

YADIRA: Kidogo. Nina mkono mwepesi.

ELEUTERIO: Na huu ukuta ukibomoka?

YADIRA: Ukibomoka, nimemaliza chuo, mjomba. Wa kwanza kwetu.

ELEUTERIO: Basi bomoa.

YADIRA: Kesho saa moja nakupitia. Na siku ya mahafali, kofia ibaki nyumbani!

ELEUTERIO: Chaji inakata—

YADIRA: Usinikwepe! Kofia!

ELEUTERIO: Kofia nampa Ramiro, ajifunike aibu yake! Mimi siku hiyo nina kazi ya kuchek—

YADIRA: Haloo? Mjomba? Haloo!