Mashine ya Kuweka Sauti ya Mama

Ukitaka kujua kitu gani kinadumu duniani, usiulize dukani, uliza benchini. Ndivyo wanavyoamini wenye benchi lile, ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali kwenye ukuta wa duka la kudurufu karatasi, mkabala na karakana ya mageti. Saa tisa na nusu muuza kahawa hutua birika lake, na wenyeji hufika mmoja mmoja kana kwamba wamekutana kwa bahati, ingawa ni miaka sasa hakuna aliyekosa siku ila kwa msiba. Wana sheria moja, na ole wake anayeivunja: hakuna mwenyeji anayenunua mashine yoyote, iwe pasi, feni au simu, kabla haijakalishwa benchini ikapitishwa. Mwenye duka la vifaa vya umeme ng'ambo ya barabara ameshawazoea. Anakukabidhi mashine, anabaki na kitambulisho chako, anaendelea kutafuna karanga zake.

Siku hiyo zilikalishwa mbili. Zote zilikuwa za kuchomea sidii na zote zililetwa na Karani, yule wa ofisi ya shule, mtu wa suruali iliyonyooka na kalamu mbili mfukoni. Moja ilikuwa ya kufungwa ndani ya kompyuta, nzito, ya mtumba, mgongo wa bati. Nyingine ilikuwa ya nje, mpya, nyembamba, na waya wake mfupi wa kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Karani alizilaza juu ya gazeti, akafungua daftari lake, akapiga mstari katikati ya ukurasa.

Jambo lenyewe wote walilijua. Mama yake Karani alikuwa ameanza kusahau. Mwanzo ilikuwa miwani, kisha chumvi, na wiki iliyopita alimtazama mwanawe mezani, akamwuliza kwa adabu kabisa kama ameshakula huko kwao. Karani hakulala vizuri tangu hapo. Kwa miaka miwili alikuwa akimrekodi kwa simu, na kompyuta ya nyumbani sasa ilikuwa na vipande arobaini na kimoja: nani alimzalisha nani, kwa nini ami zake wawili hawakula sahani moja kwa miaka tisa, jinsi ya kumkatalia mchumba bila kumwaibisha. Jumapili ndugu zake watano wangekuja, na alitaka kila mmoja aondoke na sidii yake mkononi. Kuwatumia kwa simu hakutaka. Dada yake mkubwa aliwahi kudondosha simu kwenye ndoo ya maji, picha zote zikaenda, na tangu siku hiyo haamini kitu asichoweza kukishika. Kompyuta yenyewe ilikuwa na mahali pa sidii, lakini droo yake ilitoka mwaka juzi, ikagoma kurudi.

Hii ilikuwa siku ya tatu ya kikao. Siku ya kwanza walirudisha mashine nyingine dukani kwa sababu droo yake ililia. Siku ya pili hapakupitishwa chochote kwa kuwa Breki, dereva mstaafu wa lori, alikuwa kwenye mazishi, na bila Breki benchi halijatimia.

Aliyeanza ni Chuma, mwenye karakana, ambaye hata kuvua miwani yake ya kuchomelea huwa haivui, huipandisha tu kwenye kipaji. Alichukua mashine moja kiganja hiki, nyingine kiganja kile, akafumba macho kama anayepima nyama.

— Hii ya bati ndiyo mashine. Hii nyingine ni pakiti ya biskuti.

— Uzito unahusu nini? akauliza Breki. Anachoma sauti, hajengi ukuta.

— Geti langu la kilo themanini hakuna mwizi aliyewahi kulikunja. La kilo ishirini wamelikunja kama barua.

Karani akaandika upande wa kushoto: nzito. Aliandika kwa moyo mmoja. Ukimtazama ungedhani yuko mbele ya mkaguzi.

Fundi Redio hakupenda. Yeye ndiye pekee kati yao aliyewahi kufungua mashine za namna ile, na jambo hilo lilimfanya aongee polepole. Alinyoosha waya mwembamba, akauchomeka kwenye kitundu kidogo cha mbele, droo ikatoka yenyewe bila umeme, na kwa sekunde chache benchi zima lilimheshimu. Akawaonyesha jicho, kioo kidogo kama tone la maji. Akawaeleza kuwa mashine hizi haziuawi na kazi, zinauawa na vumbi likikaa kwenye jicho hilo, na kwamba mtu akinunua sidii tupu za bovubovu hata mashine nzuri itaonekana mbaya. Hayo yote yalikuwa kweli, na angenyamaza hapo angeondoka mshindi.

— Tena jicho linachoka, akaongeza. Ukilionyesha habari za aina moja tu, linachoka. Leo mchomee mama, kesho mchomee ngoma, keshokutwa mahubiri. Jicho linataka kubadilishiwa.

— Kama tumbo, akasema Chuma.

— Kama tumbo.

Karani alisita, kisha akaandika hilo nalo, lakini kwa penseli.

Breki alikuwa akipuliza kahawa yake. Aliendesha lori miaka thelathini na mbili, na mpaka leo akiketi huacha nafasi ya mguu wa klachi. Alisema ya nje hataki hata kuijadili, kwa sababu wahenga walishamaliza: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine inayobebwa mfukoni kwenda nyumba hii na ile inatafuta nini kama si kujitembeza? Chuma akacheka mpaka miwani ikamshukia puani. Fundi Redio akajibu kuwa basi na ule waya wake wameshaueleza wahenga haohao, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mgeni huwa hafukuzwi. Wakabishana juu ya kuku kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya mashine.

Karani hakukasirika. Alikuwa na imani na benchi lile. Pasi yake ilipitishwa hapo na ina mwaka wa kumi na moja. Na kusema kweli, pale benchini, kati ya watu wenye uhakika, hofu yake ilipungua. Nyumbani ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Hapa ilikuwa swali la bati na plastiki, na maswali ya namna hiyo yana majibu.

— Sikieni, akasema Breki. Mimi sijali tena ya ndani wala ya nje. Swali ni gia gani.

Wakamgeukia.

— Mashine hizi zina kasi. Kasi nne, kasi nane, kasi kumi na sita. Karani, wewe ukiketi pale utataka kumaliza haraka, uchome zote tano kabla ya chakula. Usifanye hivyo. Panda mlima kwa gia nzito. Mama yako alikuwa anaongea taratibu, si ndiyo?

— Taratibu sana.

— Basi. Maneno ya mtu mzima yanatembea. Ukiyachoma kwa kasi kumi na sita, nusu yanabaki njiani. Ukija kusikiliza unapata mwanzo wa habari na mwisho wake, katikati hamna.

Fundi Redio alikubali shingo upande. Kuchoma polepole si ushauri mbaya, na alichukia kuona ukweli umefikiwa kwa njia ile. Karani yeye alisimamisha kalamu. Habari yenye mwanzo na mwisho bila katikati alikuwa ameshaisikia, na haikutoka kwenye mashine. Akaandika: kasi nne. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Baada ya hapo hapakuwa na breki tena, hata kwa Breki mwenyewe. Alitaka mashine ipumzishwe kati ya sidii moja na nyingine, ifunikwe taulo, isichome jambo lolote saa za jua kali kwa kuwa sauti hulegea. Chuma akaahidi kuitengenezea sanduku la bati lenye komeo mbili, na mlango mdogo wa kupitishia sidii. Fundi Redio akasema sanduku litazuia mashine kupumua. Chuma akasema atatoboa. Wakakubaliana matundu yawe sita, moja kwa kila mtoto wa mama. Kila mmoja alikumbuka jambo la mama huyo, maana wote walishakula kwake. Alikuwa hakupi chakula bila kukuuliza habari za kwenu, akasema Chuma. Alikuwa akicheka, akasema Fundi Redio, unamsikia mpaka barabarani. Sauti ile haifai kuwekwa kwenye biskuti.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mwanamke mmoja akisubiri karatasi zake zidurufiwe. Hakuna aliyemjua. Alivaa viatu vya watu wanaosimama kutwa nzima, na alikuwa ameagiza kikombe kimoja akakinywa kimya, akisikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyosikiliza mambo ya familia isiyo yake. Mwenye duka alipomwita, alisimama, akapokea karatasi, kisha akawarudia.

— Ndugu zangu, poleni sana.

— Tumeshapoa, akasema Breki, kisha akajiuliza. Pole ya nini, dada?

— Ya mama. Nimewasikia mkimkumbuka. Alifariki lini?

Chuma aliishusha ile mashine ya bati polepole juu ya gazeti.

— Hajafariki, akasema Karani. Yupo nyumbani.

Mwanamke akajishika kifua, akaomba radhi mara mbili, akasema ulimi hauna mfupa, asamehewe. Karani akamwambia hakuna neno. Aliona aibu yake imezidi ya yule mwanamke, na hakujua kwa nini.

— Namshukuru Mungu kama yupo, akasema mwanamke. Basi nisalimieni mama. Sasa hivi yuko na nani?

Aliuliza tu, kama watu wanavyouliza. Watatu wale wakamtazama Karani, na Karani akatafuta jibu. Jirani huja asubuhi na kuondoka saa nane. Hilo alilijua. Kuanzia saa nane mpaka yeye arudi, kulikuwa na jibu moja alilowapa ndugu zake kila walipopiga simu, miaka miwili sasa: msiwe na wasiwasi, yuko na mimi. Alilisema kwa uhakika kila mara. Na lilikuwa kweli usiku, na kweli Jumapili. Lakini ilikuwa saa kumi na moja na robo, siku ya tatu mfululizo, na yeye alikuwa hapa na daftari.

Breki alikinyanyua kikombe chake akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Karani akafunga daftari. Alisimama, akamshukuru yule mwanamke, na alimaanisha, ingawa uso wake haukuonyesha.

— Karani, na mashine? akauliza Fundi Redio.

— Chagueni nyinyi.

— Kitambulisho chako kiko dukani.

— Nitakuja kesho.

Kutoka benchini mpaka kwake ni mwendo wa dakika kumi. Alitumia sita. Njiani alihesabu kitu ambacho hakuwahi kukiandika popote, kwamba tangu Jumatatu, tangu aanze kutafuta mashine itakayodumu, hajakaa na mama yake hata nusu saa mchana. Kila jioni alirudi giza likiingia, akamkuta amechoka, akampa chakula, akampeleka kulala. Alikuwa na hasira na nafsi yake, hasira safi isiyo na wa kumsukumia.

Mama alikuwa mlangoni, juu ya kiti cha plastiki, amevaa kanga ya kutokea, mikono mapajani, uso ameelekeza barabarani. Hakuwa akilia wala hakuwa amepotea. Alikuwa amekaa tu kama mtu aliyeambiwa asubiri.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Alimtazama kwa muda, kisha uso ukafunguka, akamtaja kwa jina lake la utotoni, lile ambalo benchi halilijui. Umechelewa leo.

— Nimechelewa, mama. Nisamehe.

— Nilikuwa na jambo la kukwambia. Tangu mchana nimelishika hivi. Alikunja ngumi kumwonyesha, akaifungua, akaitazama. Nimekusubiri, nimekusubiri. Sasa limeniponyoka.

Karani aliketi chini kwenye kizingiti, kando ya miguu ya mama, na suruali yake iliyonyooka.

— Lilikuwa la nani? Lako, au la baba?

— Sijui. Lilikuwa zuri.

— Basi nitakaa hapa mpaka lirudi.

Mama akafikiri, akatikisa kichwa taratibu kama anayekubali ofa ya haki, akamsogezea miguu apate kuegemea. Wakakaa hivyo wote wawili, wakitazama barabara, wakisubiri.